Siku Kitanda Kilipoanikwa Nje

Nakuru, Jumamosi, Aprili 1956

Jua limewaka leo baada ya mvua ya wiki nzima, na mimi nimelichukia.

Mama alikuwa anakuja leo. Tangu niolewe hajakanyaga kwangu, na nimemtamani hata huwa namwita nikiwa peke yangu nachambua mboga. Juzi alifika Elburgon kwa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye mashine ya mbao. Leo angepanda treni aje alale kwangu.

Shida ni kwamba nyumba hizi za manispaa ni chumba kimoja, na kwetu Bunyore mama haoni kitanda cha mume wa binti yake. Akikiona, haingii tena nyumba hiyo. Basi Yohana, mume wangu, akapatana na rafiki yake Petro: kitanda kihamie kwa Petro, Yohana akifuate, mimi na mama tubaki na mkeka na maneno yetu.

Tulipanga vizuri.

Asubuhi akaja Bwana Afya, mzungu wa manispaa, na watu wake wa mabomba ya dawa. Zamu yetu ilikuwa Jumatano, mvua ikaisogeza. Kila nyumba itoe vitu nje, kunguni wamezidi. Mtaa wote wa lokesheni ukawa soko la vitanda. Yohana na Petro walipokibeba chetu, yule mzungu akapiga kelele: "Hapana peleka nyumba ingine! Dudu tahama!" Wakakitua mbele ya mlango. Nikakifunika shuka. "Toa nguo! Wacha jua piga!"

Nikatoa.

Ndipo nikamwona mama anakuja, kuku kwapani, anatabasamu.

Alikiona kitanda, na Yohana amekishika mguu. Akageuka pale pale, akaenda kusimama kwenye mfereji tunakochota maji, ametupa mgongo. Nilimfuata. Leso yake ilinukia moshi wa jikoni kwetu, nikalia kama mtoto.

"Mama, ingia tu. Haya ni mambo ya manispaa, si yetu."

"Mwanangu, macho yangu hayajui manispaa. Nimekiona. Nitasemaje sijakiona?"

Alinipa kuku, akanishika shavu, akarudi stesheni. Bwana Afya akaniuliza kama yule mama anatoroka dawa.

Sasa ni jioni. Chumba kinanuka dawa na hakuna kinachouma. Nimeomba sana nilale bila kujikuna, leo nimepewa. Ningewakaribisha kunguni wote warudi, mradi mama awe kando yangu.

Nimemwambia Yohana kitanda kiende kwa Petro kisirudi, sisi tutalala chini. Nyumba isiyo na kitanda, labda mama ataingia. Yohana anasema nimerukwa na akili, kitanda cha springi! Acha aseme. Nitamtumia mama neno kupitia kwa kaka.

Manispaa imekataza kuku ndani ya nyumba. Waje wanishtaki. Nimemfunga chini ya meza, na hachinjwi mpaka mwenyewe arudi.