Chupa ya Mwanawema

Jumatatu, 7 Septemba 1959

Imepotea chupa ya mkojo wa mwanangu. Asubuhi hii hii, hata gari la kwenda spitali Chake haijalipanda! Chupa tupu niliichemsha mwenyewe, mtoto akakojoa humo, nikaitia kizibo kipya, nikampa mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamis, amkabidhi mwanawe barazani. Mwanawe – Kificho, mume wangu – asema hakupewa kitu. Bibi asema imemponyoka. Mtu asiyewahi kuvunja hata kikombe!

Na Mwanawema, miaka sita, alia kila akenda kukojoa. Jioni homa. Mkojo wanuka, una ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Daktari alituambia wazi: uchafu huo ukipanda hufika kwenye mafigo, na figo likishaharibika ndiyo basi. Leteni mkojo. Kazi ngumu hiyo?

Jumanne, 8 Septemba

Chupa ya pili. Mtoto kajikaza, kalia, katoa. Nna nguo za harusi za kumaliza, na cherehani yangu nimeinunua mwenyewe, haishonewi na mtu mwingine – nikampa tena bibi. Mjinga mimi.

Alasiri Kificho karudi, meno nje. Daktari kasema mkojo safi, pengine ni malaria. Safi! Bibi akadakia: mkeo ajua nyuzi tu, maradhi hayajui.

Magharibi homa ikapanda vile vile.

Alhamisi, 10 Septemba

Jirani Moza kaja kuchukua kanzu ya mwanawe, Ame. Acheka peke yake, aniambia: mama mkweo ana mambo! Juzi kamwita Ame nyuma ya banda: kojoa humu, nikupe kashata. Mie nikadhani mkojo autakia dawa ya masikio.

Nikaacha kushona. Moza hata hakujua kwa nini.

Bibi nilimkuta jikoni. Hakukana – tena kwa fahari! Mkojo wa mtoto ukitiwa kizibo, ukashikwa na watu usiowajua, mtoto naye hufungwa. Hakojoi, wala akikua hazai. Ule wa mwanzo kaumwaga migombani.

“Na Ame je, bibi? Yeye hafungwi?”

“Kwani Ame mjukuu wangu?”

Hodari kweli! Huruma yake ina mpaka, na mpaka ni ua wa makuti.

Ijumaa, 11 Septemba

Alfajiri mtoto katapika. Mgongoni hataki kuguswa. Leo chupa simpi mtu – nampeleka mwenyewe, akakojoe palepale spitali.

Kificho: tungoje kidogo, mama atahamaki. Na daktari tutamwambia nini? Aibu! Amwonea haya daktari, mwanawe hamwonei. Kisha, macho kwenye kofia yake: ukitoka bila ruhusa yangu, usirudi.

Leo Ijumaa gari la Chake lapita saa nane, watu wakishatoka msikitini. Mtoto nimeshamvisha. Nilimwambia Kificho mlangoni, bibi akisikia: ukirudi msikitini nataka neno moja, kabla gari halijapiga honi. Waturuhusu au hutupi ruhusa? Si la mama. Lako.