Kitanda Ulichompatia Mama

Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa mama alinilea hivyo, si kwa kuwa nina hamu na wewe. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sauti yako tumeisikia redioni, haina hata mafua. Hali yetu huku ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Simu zangu anapokea katibu wako, kwa hiyo barua hii anakuletea jirani yangu, naye nimemwambia akukabidhi mkononi.

Ulitangaza vizuri utaratibu mpya wa wizara yenu ya afya. Ulisema hospitali ni za wanaotibika, na mgonjwa ambaye madaktari hawana tena la kumfanyia asilazwe. Apumzike kwake kati ya watu wake, na muuguzi atamfuata kwa gari kumpa dawa ya maumivu. Mama alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama huyo ndiye yule aliyekuwa akijificha uvunguni akiona sindano. Tulicheka sana. Ila hilo gari, kaka, mtaani kwetu halijawahi kuonekana.

Baadaye madaktari wakasema saratani ya mama imefika kwenye ini. Kwa utaratibu wako alitakiwa abaki nyumbani. Wewe ukapiga simu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tukapewa kitanda kando ya dirisha, na nilishuhudia kilivyopatikana. Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima mwenye ugonjwa kama wa mama yetu, aliinuliwa akakalishwa kwenye kiti cha magurudumu, akasukumwa hadi getini. Shuka walilolikunja lilikuwa bado na joto lake. Tuliambiwa utaratibu mpya unamtaka apumzike kwake, lakini hakuna aliyeuliza huko kwake kuna nani.

Mama aliuliza. Alikataa chakula mpaka muuguzi wa wodi alipomweleza kuwa yule fundi anaishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na hawezi hata kujigeuza. Wewe wakati huo ulikuwa ukimpigia muuguzi simu kila asubuhi kuuliza hali ya mgonjwa, na kuja hukuja. Ulinitumia ujumbe ukaniita nguzo ya familia. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Nguzo haimwogeshi mtu wala haifui mashuka.

Sasa nikwambie usilolijua. Mama hayuko hospitali. Alituita mimi na muuguzi akasema, "Mimi nina binti. Yule ana cherehani tu. Mrudisheni." Nilibisha, nikalia, nikamwambia amechanganyikiwa. Alinitazama mpaka nikaanza kufungasha nguo zake. Jumapili, saa ya kutazama wagonjwa, tulimtoa mama, tukamlaza fundi pale kwa jina la mama. Huyo unayeambiwa kila asubuhi kwamba amelala vizuri ni yeye. Mama yuko chumbani kwangu, na dawa yake ya maumivu analetewa na muuguzi huyohuyo akitoka kazini, kwa miguu. Ukitaka kumfukuzisha kazi, anza kwanza kueleza kitanda kile ulikipataje.

Nakuchukia, kaka, na sioni haya kuliandika. Mama hana kinyongo na wewe, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Tangu jana hamezi kitu ila maji ya kijiko. Mlango ukigongwa anauliza kama ni wewe, nami namjibu kwamba uko njiani. Nimekuwa nikimdanganya hivyo tangu siku aliyolazwa, kwa ajili yako, na leo asubuhi ameacha kuniuliza.

Nisalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya bibi yao. Usipite hospitali, kule utamkuta mama asiye wako. Njoo kwangu, tena uondoke sasa hivi.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.