Maji Yamevuka Uzio wa Mjomba

Waipuna, Agosti

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Brisbane, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua kazini. Sisi huku hatujambo, ila baridi inauma. Bibi Mereana anakusalimu na kuuliza utarudi lini kumenya viazi jikoni kwenye marae, uwanja wetu wa mikutano ya ukoo, maana anasema ulikimbia zamu yako.

Mama, maji yamerudi! Hata kuandika kwa utulivu siwezi. Ule mfereji aliouchimba Babu kukausha kinamasi tumeuziba kwa udongo na magogo, baada ya dua ya alfajiri, na maji ya mvua ya kwanza yakatanda polepole chini ya miti mikongwe ya kahikatea iliyosalia. Mikunga imeanza kuonekana tena! Kando ya maji tumepanda miche, safari hii tumeikinga kwa vichaka vya mānuka. Mwaka jana tuliipanda mitupu, na wale pukeko, ndege wasio na adabu, wakaing'oa yote wakaitupa. Mjomba Hohepa alipita na trekta, akapaza sauti kwamba karani wa ukoo, yaani mimi, amewaandalia ndege saladi.

Mjomba ndiye aliyeninyima usingizi. Kwenye mkutano wa ukoo alikubali mfereji uzibwe, kwa sharti moja: maji yasivuke uzio wa malisho yake. Yakivuka, atauzibua mfereji mwenyewe. Ofisi ya ukoo ilinituma mimi kumhakikishia, nami nikamwambia hayatavuka.

Jumanne yakavuka. Nilikuta ng'ombe wake wamesimama barabarani wakilia, na yeye yuko juu ya kizuizi cha mfereji, sepetu ya Babu mkononi. Nikamkimbilia na viatu vyangu vya ofisini. Akasema kumbe miguu ya karani nayo inajua tope, na nisogee kabla sijachotwa pamoja na udongo. Nikamsihi kwa ajili ya miche, nikamsihi kwa ajili ya mikunga. Hakugeuka. Gogo la kwanza lilikwisha kung'oka, na maji yakaanza kupenya.

Hapo ndipo, Mama, niliposema jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nina mimba. Nilimwambia Mjomba kwamba mtoto atazaliwa Desemba, na nataka kondo lake la nyuma likazikwe chini ya kahikatea zile, lilikozikwa langu na lako. Akikikausha kinamasi kile tena, miti itakufa, na mwanangu atakuwa amezikwa kitovu penye visiki.

Aliichomeka sepetu topeni. Kisha akauliza baba ni nani. Nikamtaja Tipene, fundi wa kujenga uzio. Akasema afadhali, huyo walau ana mikono. Akalirudisha gogo, akalishindilia kwa kisigino, akauliza ng'ombe wake sasa watalala wapi, kitandani kwangu? Tangu siku hiyo anahamisha uzio, na Tipene ndiye mbeba nguzo. Hapumzishwi hata kunywa chai.

Nisamehe, Mama, kwamba kaka yako alijua kabla yako. Niliogopa kukueleza kwa simu, ningelia tu. Ameapa kunyamaza mpaka barua hii ikufikie, lakini leo nimemsikia akimwuliza Bibi Mereana bei ya sufu ya kufumia. Tafadhali piga simu upesi.

Wasalimie wote wanaokuuliza habari zetu.

Mimi mwanao, akupendaye na kukuogopa kidogo,

Parehuia