Kwako Uliyenyamaza Kama Mlinzi wa Daraja

Mudogo yangu mpendwa, Gedeoni,

Barua hii naiacha wazi. Wamama wanaopeleka chumvi na sabuni Itebero, upande wa Walikale, wataibeba, na yeyote atakayeikuta njiani ana ruhusa ya kuisoma. Nilikusema mbele ya watu, basi nikuombe msamaha mbele ya watu. Kukunong'oneza sikioni sasa kungekuwa rahisi mno kwangu.

Sijui huko msituni unalala wapi wala nani anakupikia. Papa yetu huwauliza wachuuzi, nao wanasema wamekuona ukibeba mizigo, umekonda lakini ni mzima. Mimi siwaulizi. Naona haya kutaja jina lako mbele yao, maana wanajua nani alikufukuza Karuba.

Unakumbuka tulivyocheza ule mchezo wa telefone yako? Tulikuwa tumeshakimbia vita kule Burungu, tumepokelewa hapa Karuba kwa Papa Bahati, rafiki wa Papa yetu wa miaka mingi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo Goma kwa likizo. Tuliketi nyuma ya jiko, wewe na vidole vyako, mimi na maneno yangu mengi. Katika mchezo, mlinzi wa daraja aliacha daraja siku adui walipokuja. Aliporudi kijijini, kila mtu alimwuliza kwa nini, na mchezo haukukupa hata neno moja la kumjibia. Unabonyeza, yeye anainamisha kichwa tu. Ulikuwa ukiudhika mpaka unaitupa telefone kwenye magoti yangu. "Huyu naye aseme hata kitu!"

Mimi nilimpenda vile alivyonyamaza. Niliamua kuandika juu yake kazi yangu ya mwisho ya saikolojia, na wewe njo ulikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza. Nilikueleza kwamba hatia na haya si kitu kimoja. Mwenye hatia husema, nimefanya kitu kibaya, na huyo anaweza kutafuta njia ya kurekebisha. Mwenye haya husema, mimi mwenyewe ni kitu kibaya. Huyo haoni cha kurekebisha, anatafuta tu pa kujificha. Nikasema mlinzi ni mtu wa haya, ndiyo maana haangalii mtu usoni. Ukaniuliza mimi mkubwa wako, kidole chako kikiwa juu ya kioo.

"Yaya, na kama iko anaficha haya ya mutu mwingine?"

"Ya nani?"

"Sijue. Muchezo haiyaisha."

Nilikucheka. Nilisema hiyo haiko mu teori, kila mtu hubeba haya yake mwenyewe. Ukanijibu, "Sawa, docta ya watu wenye hawako," na wote wawili tukacheka hadi Mama akatuita tuje kuchambua maharagi. Ningalikuuliza tena siku ile, Gedeoni. Ningalifunga mdomo na kukuuliza mara moja tu.

Wanaoisoma njiani wajue jambo hili. Katika ng'ombe ulizokuwa ukichunga Burungu, Gaju hakuwa wa kununua. Papa Bahati alimtoa kwa Papa yetu kwa urafiki, na ng'ombe wa kupewa hivyo ni undugu. Akizaa mtamba, unamrudishia aliyekupa, na nyumba mbili zinakuwa moja. Kumpoteza ng'ombe wako ni hasara. Kumpoteza Gaju ni kusimama mbele ya rafiki bila nguo. Siku ya kukimbia, wewe ulifika hapa Karuba pamoja na Koko, mama mzazi wa Papa, bila ng'ombe hata moja. Papa alipokuuliza, ulisema neno moja, "Niliziacha." Na tangu siku hiyo tukawa tunakula chakula cha Papa Bahati, tukilala chini ya mabati yake, yeye hamtaji Gaju na sisi tunashindwa kumeza.

Halafu ile siku ya ugali na sombe ya majani ya muhogo. Papa Bahati, kwa wema wake, aliniuliza nasoma nini huko Goma. Nikaanza. Nilieleza mlinzi na daraja, hatia na haya, na niliona Papa ananisikiliza kwa fahari, nikalewa. Nikasema mtu wa haya unamjua kwa macho. Hata akiwa amekaa kati ya watu wake, anaangalia chini. "Kama Gedeoni vile. Mumuangalie."

Wakakuangalia wote. Ulikuwa umeinamia sahani. Hukuinua kichwa, mkono wako ulibaki na tonge lako, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mfano wangu umetoka vizuri. Koko alisimama akatoka nje bila kumaliza chakula. Tulidhani tumbo linamsumbua. Asubuhi ulimwambia Mama unaenda Walikale kutafuta kazi, ukachukua telefone na koti la mvua, na mimi sikukusindikiza hata mpaka barabarani.

Basi, Jumapili iliyopita tulitoka kanisani tukaketi kunywa chai. Papa alianza tena kumwomba Papa Bahati msamaha kwa ajili ya Gaju, na akasema maneno juu yako ambayo sitayaandika. Koko akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, nyamaza. Ile ng'ombe, mimi njo niliimaliza."

Akasema yote, mbele yetu na mbele ya mwenye nyumba. Kwamba asubuhi ile risasi zilipoanza magoti yake yalikataa. Kwamba ulikuwa tayari umezitoa ng'ombe, Gaju mbele, njia ilikuwa wazi, ukageuka kumrudia. Ulimfunga mgongoni kwa kitenge, kama mama anavyofunga mtoto, kijana mzima wewe, ukashuka naye kilima. Kwa hofu alikukojolea. Hakuvunga, mudogo yangu, alisema neno lenyewe, na Papa akafunika uso. Akasema ulipofika kijitoni ulimteremsha, ukafua kitenge kwa mikono yako, ukakigeukia kichaka ajisafishe, na ng'ombe ulikuwa ukizisikia bado ng'ambo ya bonde. Ungaliweza kuzifuata. Ulibaki kumngoja. Ndipo alipokuomba mtu yeyote asijue kwamba mama wa nyumba alibebwa hivyo. Nawe ukaahidi.

"Nilimuacha aliwe na haya mahali pangu," Koko alisema. "Na siku ile ya sombe nilikuwa na mdomo."

Halafu Papa Bahati akasema kwa sauti yake ya kawaida, kama anayezungumzia mvua, "Mimi nilitoa ng'ombe kwa watu. Sikutoa watu kwa ng'ombe." Ana mtamba mmoja mwekundu. Anasema Gaju atapata wa kukaa mahali pake, lakini hatamtia mkononi mwa Papa. Atamtia mkononi mwako ao abaki naye.

Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, mahali petu, na niliona haya ambayo sikuisoma katika darasa lolote. Nilikuwa nimeieleza haya kwa kinywa kipana, nayo imekaa mbele yangu, ya bibi yetu, mgongoni mwako, na sikuiona. Nimesumbuka kujua moyo wa mtu wa kuchorwa kwenye kioo. Wa ndugu yangu niliutumia kama mfano. Nimemwambia profesa kwamba sehemu ile ya kazi yangu nimeitoa. Aliniuliza kwa nini, nikainamisha kichwa.

Wewe ulikuwa sawa. Mchezo haujaisha, na sijui mlinzi alikuwa akimficha nani. Kama umefika mwisho peke yako huko, usiniambie kwa wachuuzi. Njoo nayo telefone.

Papa hawezi kuandika. Anaanza, anaweka kalamu, anasema, "Umuambie tu niko." Nakuambia, yuko. Na Koko njo aliyenilazimisha nisifiche kitu katika barua hii, anasema amechoka kubebwa. Ameanza kushuka kila alasiri hadi barabara ya Mushaki kwa fimbo. Nilitaka kumshika mkono kwenye utelezi, akaniondoa.

"Uniache, nijifunze. Siku akirudi, nitamupokea kwa miguu yangu."

Jana alifika barabarani. Alikaa kwenye jiwe, akaangalia upande wa Walikale mpaka baridi ikaanza, akapanda tena mwenyewe.

Ni mimi, yaya yako, nisiyestahili bado kuitwa hivyo.