Mdomo wa Pili wa Zimwi

Kendi mjukuu wangu, acha ujinga! Unauliza kwenye barua yako hadithi za zimwi zina kazi gani siku hizi, na huku umekubali kuolewa na mtu ambaye hujamwona akila kwetu? Hapa nyumbani Kanyakine tuko wazima, ng'ombe amezaa.

Nikiwa msichana, kijana mmoja maridadi alinitaka. Nyanya yangu akanikumbusha zimwi lililoficha mdomo wa pili kisogoni, chini ya nywele. "Mpikie, halafu umtazame," akasema.

Kwetu mgeni huwabakizia watoto kidogo. Huyo alimaliza mukimo wote wa viazi na mahindi niliouponda, watoto wakimwangalia, akauliza, "Wewe, hakuna mwingine?" Mdomo wa pili nikauona. Nikamkataa.

Wako akiwabakizia watoto, nitapiga vigelegele mimi wa kwanza. Mlete Jumamosi, na usimwonye.