Bibi Rudia

Saint Paul, Machi, theluji bado ipo

Dada Arlys mpendwa,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji Duane. Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyumba ina joto na kuni hazijaisha. Shemeji ameshalivuta banda lake la uvuvi kutoka juu ya ziwa lililoganda, au bado anabishana na barafu kama kila mwaka? Mwambie samaki wake wa Krismasi wanasifiwa mpaka leo. Sisi huku hatujambo. Greg wangu anakohoa kidogo na dawa hataki, unamjua. Binti yetu Kirsten amepanga chumba karibu na chuo, na siku hizi tunamwona akija na mfuko wa nguo chafu tu.

Habari nyingi nilizo nazo ni za kazini. Nadhani sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya, ukiniuliza huwa nasema, “Ah, simu tu.” Nasimamia watu wanaopokea simu za madaktari na zahanati zinazotibu wagonjwa wa bima ya serikali, ile ya wenye kipato kidogo. Karani wa zahanati anapiga kuuliza kama mzee fulani bado ana bima, au kwa nini dai limekataliwa, au kama meno ya bandia yanataka kibali kwanza. Watu wangu wanamtafutia jibu. Mimi nawatafuta watu wangu wakijifungia msalani kulia, maana anayepiga simu mara nyingi amekwisha kukasirika kabla hatujasema “haloo”.

Tangu majani yalipoanza kuanguka, palikuwa na karani mmoja wa zahanati ya meno huko kaskazini ambaye ukumbi mzima ulimjua. Walimpa jina la Bibi Rudia, kwa kuwa kila akijibiwa alifoka, “Rudia! Umesema nini? Rudia!” Simu zake hazikuwahi kunifikia mimi. Nilizisikia kwenye masimulizi ya chakula cha mchana tu, na nakiri nilicheka na wenzangu.

Wiki mbili hizi mzaha uliisha. Tunaye Brody, jitu lenye ndevu lililowahi kucheza mpira wa magongo, lakini anaongea kama ana uji mdomoni. Asubuhi moja alivua visikizi vyake vya simu akaviweka mezani kwangu, akasema, “Renae, mimi basi. Yule bibi ananifokea kana kwamba ni mimi niliyemng’oa meno.” Macho yalikuwa mekundu. Bosi wetu Curtis alisikia, akaamua hapo hapo kwamba tumwandikie daktari wa zahanati ile, aweke mtu mwingine kwenye simu.

Aliyempinga ni Pa Houa, mama mhamiaji wa kabila la Wahmong anayekaa dirishani na kutulisha sote vitumbua vyake. Alisema zahanati ile ina karani mmoja, na kumtoa kwenye simu ni kumtoa kazini. Kisha akaongeza, “Mbona mimi tunaelewana naye? Mama wa watu mcheshi kweli.” Brody akamjibu, “Basi mchukue umpeleke kwako!” Watu wakacheka, lakini Curtis hakucheka. Nikamwomba anipe muda hadi jioni, nisikilize kwanza. Simu zetu hurekodiwa, na kuzisikiliza ni sehemu ya kazi yangu.

Nilianza na ile ya Pa Houa. Dada, sikufika hata sentensi ya pili. Sauti ile iliniimbia nilale kabla sijajua kusema. Nilijua umepata kazi kwa daktari wa meno, lakini nilidhani unapokea wageni na kupanga siku zao tu. Kumbe Bibi Rudia ni wewe.

Utaratibu wetu ni kwamba ukikuta simu ya ndugu yako, unazima na kumpa msimamizi mwingine. Nilipaswa kuzima. Sikuzima. Nilimsikia Pa Houa akikuuliza kwa sauti nzito ya polepole, “Mama, niongee hivi?” nawe ukamjibu, “Hivyo hivyo, mwanangu, Mungu akubariki.” Alikwambia bibi yake alikuwa na tatizo la masikio, na kwamba kumpigia kelele kulimzidishia tu. Halafu ukamwambia mgeni huyo yale usiyotuambia sisi: kwamba sikio la kushoto limekwisha kabisa, la kulia linafuata, kwamba Duane anadhani umekuwa mkaidi, kwamba unafoka kwa sababu unaogopa kukosea jibu la mgonjwa. Ukasema, “Hata mdogo wangu hajui. Krismasi alininong’oneza kitu pale kwenye karo la kuoshea vyombo, maji yanamwagika, nikaona mdomo unacheza, nikatabasamu tu. Tangu siku ile hapigi simu. Sijui nilimjibu nini, mwanangu. Sijui.”

Nilivua visikizi nikalia mezani pangu, mimi msimamizi, mbele ya watu wote. Brody aliniletea kahawa akauliza, “Na wewe amekufokea?”

Nilikwenda kwa Curtis nikamweleza kwamba karani yule ni dada yangu na kwamba nimesikiliza nisichostahili. Alinikaripia, kwa haki. Simu zako sasa ziko chini ya msimamizi mwingine, na mimi sina neno. Lakini barua kwa daktari wako haikuandikwa. Yeyote akiambiwa “rudia”, Pa Houa amewafundisha wote jinsi ya kurudia. Brody anajizoeza na kikombe chake cha kahawa, unaweza kucheka ukafa. Masikio yako sijamtajia mtu, hata Duane. Hilo ni lako la kusema.

Na mimi nina langu. Pale kwenye karo nilikuambia kwamba nimepata uvimbe kwenye ziwa la kushoto, na kwamba naogopa. Ukanitazama kwa upendo, ukasema, “Vizuri sana! Peleka mezani kabla hazijapoa.” Nikabeba viazi, nikala bila kuonja, nikarudi mjini nimekuchukia. Nilikwenda kupasuliwa, Greg peke yake akinisindikiza. Niliporudishiwa majibu, nilishika simu nikaiweka chini, nikajiambia, huyu hakujali ugonjwa, atajali uzima? Dada yangu, miezi yote hii nimekununia kwa neno ambalo hukulisikia.

Uvimbe haukuwa saratani. Nimepona.

Usipige simu kunijibu. Jumamosi nakuja, barabara ikiruhusu, na Jumatatu, ukikubali, twende pamoja mjini Duluth kwa daktari wa masikio. Lakini kwanza tukae jikoni, bomba limefungwa, nikuambie tena yote, taratibu, uso kwa uso. Nikimaliza, sema “vizuri sana”. Nitaipokea.

Msalimie sana shemeji, na jirani zako wanaokusaidia kufagia theluji. Greg na Kirsten wanakukumbatia. Ubaki na amani mpaka nibishe hodi. Nitabisha kwa nguvu.

Mdogo wako akupendaye,
Renae