Glasi ya Kelly Niliyoimaliza

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Auburn, Sydney

Jina: Emérance Masumbuko
Umri: miaka 53
Kazi: mfanya usafi, nyumba ya kutunzia wazee
Makazi: Lidcombe
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Bi. Peninah Kinuthia

Mnamo Jumapili tarehe 16 Machi 2025, saa saba mchana, tukitoka ibadani, tuliingia kwenye mgahawa mdogo hapa Auburn unaopika chakula cha Louisiana, kule Marekani. Nilikuwa na Bwana Vénérand Habonimana na Bi. Kelly. Vénérand ni Mrundi, mimi ni Mkongomani wa Uvira, tunasali kanisa moja. Sote watatu tunafanya kazi nyumba moja ya wazee. Kelly ni mzungu wa hapa hapa. Yeye ndiye aliyemfundisha Vénérand kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza, wakati Vénérand hajui Kiingereza zaidi ya kushukuru. Sasa Kelly anahamia Perth, na Vénérand akasema hawezi kumwacha aende bila kumlisha. Mgahawa aliuchagua Kelly mwenyewe.

Tuliagiza maji ya limau yenye barafu, maana sisi pombe hatunywi. Kelly akaenda kunawa. Glasi zikaletwa yeye hayupo.

Hapa naomba uandike vizuri, ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu, Burundi na Uvira, anayekualika hukionja kwanza kinywaji chako, ili ujue hakina kitu kibaya. Kumpa mgeni glasi usiyoionja ni kama kumwambia hujali akifa. Lakini Vénérand anajua pia kwamba wazungu hawapendi mdomo wa mtu kwenye glasi yao. Akaniuliza polepole, kwa jina la binti yangu kama anavyoniita siku zote, "Mama Clarisse, nifanyeje?"

Nikamwambia aonje upesi kabla Kelly hajarudi. Ni mimi niliyemwambia. Akatazama huku na huku, akavuta kidogo kutoka glasi ya Kelly kwa mrija wake mwenyewe, akakoroga barafu, akairudisha glasi mahali pake. Kwa mtu asiyetujua, alionekana kama mwizi.

Kelly akarudi, akanywa. Chakula wakakimwaga mezani juu ya karatasi, bila sahani: kamba wa mtoni wekundu, mahindi, viazi, na pilipili juu yake. Mchuzi wa bamia ukaja kwenye bakuli. Vénérand akaomba baraka, kwa ufupi alisema, lakini ufupi wake naujua. Kelly akafungua jicho moja akauliza kama Amina iko karibu. Tulicheka. Vénérand akasema Wamarekani wametuibia bamia na hata pole hawajasema.

Kelly alituambia kamba wa namna ile hajawahi kuwala. Wa tatu hakummaliza. Midomo ikavimba, shingo ikawa nyekundu, pumzi ikaanza kupiga mluzi. Vénérand akamkalisha wima, akamshika mgongo, akaniambia niwaombe waite ambulensi. Mwenye mgahawa akapiga simu.

Ndipo bwana wa meza ya jirani akasimama. Akasema kwa sauti, "Nimemwona. Ametia kitu kwenye glasi yake."

Kiingereza chote kilimkimbia Vénérand. Aliendelea kumshika Kelly, akipumua naye polepole ili amfuatishe, na watu wakimtazama kama nyoka. Sikuvumilia. Glasi ya Kelly ilikuwa nusu bado. Nikaichukua nikainywa yote, nikatafuna na barafu, nikamwambia yule bwana, "Basi na mimi nife."

Kwetu hilo lingemaliza neno. Polisi alipofika akaniambia nimeunywa ushahidi wote. Nilikaa chini.

Yule bwana simlaumu. Alimtetea mwanamke asiyemjua, na alichokiona alikiona kweli. Lakini Vénérand akiandikwa kwamba alimtilia mwanamke kitu, hataruhusiwa tena kumhudumia mzee yeyote nchi hii. Mke wake alifia kambi ya wakimbizi Tanzania. Wale wazee ndio watu aliobaki nao. Wengine hukataa kula mpaka yeye aingie.

Glasi haipo tena, lakini kilichokuwa ndani yake ninacho mimi. Chukueni damu yangu mpime, msingoje kesho.

Nimesema mbele ya Mungu. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi: E. Masumbuko

Dokezo la afisa: Maelezo yamekamilika saa 10:05 alasiri. Shahidi alielezwa kwamba halazimiki kutoa damu, na kwamba vipimo atakavyofanyiwa Bi. Kelly hospitalini huenda vikatosha kuonyesha kama ni kamba waliomdhuru. Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa blauzi. Muuguzi ameitwa. Bw. Habonimana yuko chumba cha pili, bado anahojiwa. Shahidi ameambiwa anaweza kwenda nyumbani. Amekataa kuondoka bila yeye.

Konstebo D. Farrugia